Sababu ya Tano

Jina la Mwalimu nilipewa kwa sababu nilinyamaza pale nilipotakiwa kusema, na kwa mtu mwenye mdomo kama wangu hilo si jambo la kila siku.

Ilikuwa hivi. Kuna mchezo wa kuigiza wa kusikiliza kwenye simu, unaitwa Lango la Tisa, unatoka kila Jumanne saa nane mchana. Unahusu dola moja ya kubuni yenye malango tisa na malkia asiyemwamini hata kivuli chake. Sisi mashabiki tuna kundi letu la kuchati. Tuko ishirini na sita na hatujawahi kuonana. Basi siku moja mtu akaandika kwamba malkia ni mjinga kutoza kodi darajani. Damu ikanichemka. Nikaandika aina nne za kodi zilizotozwa na dola za zamani, nikazipanga kwa namba za Kirumi, na chini nikaweka hitimisho.

"Kwani wewe ni mwalimu?" akauliza Kidato, binti wa sekondari anayechora ramani za dola yetu mpaka vichochoro.

Nikamtumia kijisura cha kucheka. Sikusema ndiyo, sikusema siyo. Kufikia Jumanne iliyofuata kundi zima linaniita Mwalimu, na mimi naitika.

Ukweli ni kwamba kazi yangu ni kutoa fotokopi. Nina duka lenye mashine mbili, moja nzima na moja ya kubembelezwa, kwenye mtaa wenye shule mbili na chuo kimoja. Walimu wananiletea notisi zao, wanafunzi wananiletea madaftari ya wenzao, na wote wana haraka kana kwamba mimi ndiye niliyewachelewesha. Kopi ikitoka vibaya, imepauka au imekwenda upande, siitupi. Naitia kwenye boksi chini ya meza, na wateja wakipungua naitoa naisoma. Historia yangu yote imetoka kwenye boksi hilo. Ndiyo maana naijua kwa vipande. Kuna vita nilisoma jinsi vilivyoanza, lakini ukurasa wa mwisho wake ulitoka vizuri, mwenyewe akaondoka nao. Mpaka leo sijui nani alishinda.

Shule niliiacha kidato cha pili, baba alipofariki, Mama akabaki na watoto wanne na mimi ndiye mkubwa. Sisemi hivyo ili nionewe huruma. Wadogo zangu wote wamesoma na sasa wanajitegemea, kwa hiyo mwaka huu, nikiwa na miaka thelathini na minne, nilijiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Aliyejua ni Mama peke yake. Kule kwenye kundi ningeanzia wapi? Ningewaambiaje kwamba Mwalimu wao anakariri tarehe na majina huku anasubiri wino ukauke? Jina lile nililipenda. Dukani naitwa "wewe dada", au napigiwa mluzi. Kule mtu akikwama anauliza, "Mwalimu anasemaje?" na watu ishirini na tano wanasubiri nimalize kuandika.

Kundi lenyewe lina kanuni moja. Ukisema jambo lolote kuhusu dola, utaje sehemu na dakika. Usipotaja, mtu yeyote ana haki ya kukuandikia neno moja, "Chanzo?" Ukikosa chanzo unavishwa mbuzi, yaani unaondoa picha yako na kuweka ya mbuzi siku nzima. Picha hiyo aliipiga Nesi nje ya geti la zahanati anakofanya kazi. Mbuzi amesimama anatafuna cheti cha mgonjwa bila wasiwasi wowote. Karibu wote tumeshamvaa. Fundi Saa, anayetengeneza saa na kutuandikia Kumbukumbu za Dola, alimvaa mara mbili mwezi mmoja, akasema anaanza kumzoea.

Mazungumzo yetu, mchezo wenyewe ni nusu tu. Nusu nyingine ni umbea wa heshima. Nesi anafuma kofia za watoto wachanga wakati wa mapumziko na kututumia picha. Fundi Saa anakusanya funguo zisizo na kufuli.

"Leo nimepata wa mia tatu na mbili," aliandika siku moja.

"Unafungua nini?" akauliza Nesi.

"Haufungui kitu. Ndiyo raha yake."

"Na mkeo anasemaje?"

"Ameniuliza kama humo ndani kuna wa kabati la vyombo, maana umepotea tangu Jumamosi."

"Na umo?" akauliza Kidato.

"Bado natafuta."

Nilicheka peke yangu mpaka mteja akaangalia suruali yake kama iko sawa. Mama, ambaye mchana hukaa kwenye meza ya pembeni akitoboa karatasi na kuzitia springi, alinitazama juu ya miwani.

"Hao wenzako wa kwenye simu hawana kazi?"

"Wana kazi, Mama. Huyu ni fundi saa."

"Basi saa za watu zimesimama," akasema, akaendelea kutoboa. Lakini ikifika Jumanne saa nane, mwenyewe ndiye anayezima mashine ya kutobolea ili asikie vizuri, halafu anajitia hamnazo.

Sasa, mambo yaliharibika hivi. Jumatatu moja Kidato aliniandikia pembeni, nje ya kundi.

"Mwalimu, shikamoo. Naomba msaada. Ticha wetu wa historia ametupa insha, sababu tano za kuanguka kwa dola za kale. Wawili ambao insha zao atazipenda ndio watakwenda kwenye mashindano ya shule zote. Nataka kwenda, Mwalimu, nataka sana. Nina sababu nne tu."

Ningemwambia akaangalie kitabuni. Mtu mwenye akili timamu ndivyo angefanya. Lakini nilishaona neno Mwalimu mara mbili kwenye ujumbe mmoja, kichwa kikavimba. Nikaingiza mkono kwenye boksi, nikatoa ukurasa mmoja uliopauka, usio na kichwa cha habari, ulioanzia katikati ya sentensi. Nilikuwa nimeusoma wiki ile ile na nikaupenda. Ulisema watunza maghala ya mipakani walikuwa na pishi mbili za kupimia, kubwa ya kupokelea nafaka na ndogo ya kugawia, na wananchi walipogundua wakapoteza imani, wakaacha kulinda mipaka. Nikaupigia chapa moto moto, nikamtumia.

"Hii wengi huisahau," nikaongeza. Hapo ndipo nilipojipalia makaa.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa kumi alasiri, nikiwa nimefungua tumbo la ile mashine ya kubembelezwa, simu ikalia. Kidato alikuwa ametuma picha kwenye kundi. Ni ukurasa wa insha yake. Sababu nne zina alama ya vema. Ya tano imezungushiwa duara jekundu, na pembeni ticha wake ameandika neno moja, "Chanzo?"

Chini ya picha Kidato aliandika: "Ticha amenisimamisha mbele ya darasa. Nikamwambia nimefundishwa na mwalimu mwenzake. Akasema vizuri, nimwambie anafundisha shule gani na hiyo ya pishi ameisoma kitabu gani, nikijibu atanirudishia alama. Amenipa mpaka kesho. Mwalimu, nimwambie nini?"

Kabla sijafuta wino mikononi, Fundi Saa akaingia.

"Hiyo pishi mbili ni yangu. Lango la Tisa, sehemu ya sitini na tatu, dakika ya ishirini na mbili. Nimeiandika kwenye Kumbukumbu, ukurasa wa arobaini. Ila yule msimulizi aliitaja juu juu, maneno ya kitabu ni ya kwangu."

Nikaketi kwenye rimu za karatasi. Mwaka jana nilijichapishia Kumbukumbu zake zote nizisome baadaye, wino ukaanza kuniishia katikati, na kurasa zilizopauka nikazitupia kwenye boksi pamoja na notisi za walimu. Na Fundi Saa, Mungu ampe umri, huandika kwa namba za Kirumi kama kitabu cha shule. Hata hivyo ningeitambua pishi ile kama ningesikiliza sehemu ya sitini na tatu. Sikuisikiliza. Wiki ile simu yangu ilikuwa imeingia maji, na kundi lilipoijadili baadaye nilijifanya nimeisikia. Kwa hiyo nilikuwa nimemfundisha mtoto wa watu historia ya nchi isiyokuwepo.

Kundi likalipuka kwa cheko. Nesi akaandika kwamba amekohoa chai mbele ya mgonjwa. Mwingine akaandika, "Mwalimu bwana, kumbe ulikuwa unamjaribu Kidato kama anaikumbuka sehemu ya sitini na tatu."

Mlango huo hapo, umefunguliwa na mtu mwingine, mimi ni kupita tu. Nikaanza kuandika, "Nilikuwa namjaribu." Nikayatazama maneno hayo. Yangeniacha na jina langu, na Kidato yangemwacha mjinga mbele ya watu ishirini na tano, juu ya wale arobaini wa darasani kwao. Na kesho ticha angeuliza tena shule gani.

"Mbona umekuwa mweupe?" akauliza Mama.

"Nimemdanganya mtoto."

"Mtoto gani?"

"Wa kwenye simu."

Mama aliweka chini karatasi alizokuwa akizitoboa. "Wa kwenye simu naye ana roho," akasema. "Mwambie sasa hivi, kabla hujapata maneno mazuri."

Nikafuta nilichoandika, nikabonyeza kitufe cha kurekodi sauti. Mashine nzima ilikuwa ikitoa notisi za biolojia nyuma yangu na sikuizima.

"Mimi si mwalimu," nikasema. "Natoa fotokopi. Nilifika kidato cha pili. Ninayoyajua nimeyasoma kwenye karatasi zilizoharibika, na ile ya pishi ilikuwa ya Fundi Saa, nikadhani ni ya kitabuni kwa sababu sehemu ya sitini na tatu sikuisikiliza, nilidanganya. Mwezi wa kumi na moja nafanya mtihani wa kidato cha nne na nyinyi hamjui. Kidato, nisamehe. Mwambie ticha wako kosa ni langu. Sina shule. Basi."

Nilikuwa nimezoea wakinisubiri nimalize kuandika, sasa nikasubiri mimi. Baada ya dakika tatu yakatokea maandishi yale madogo ya kijivu: Kidato amejitoa kwenye kundi.

Niliona haya, sitaki kuyapunguza. Mteja aliyekuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa nilimpa kopi sita badala ya mbili. Nikabadilisha picha yangu, nikaweka ya mbuzi.

Siku moja ilipita, nikamwacha. Wiki ikapita, mbuzi yupo, anatafuna. Jumanne tukasikiliza mchezo, wenzangu wakaujadili, mimi nikasoma tu. Hakuna aliyenitukana. Nesi aliniandikia kwamba hata yeye alipoanza kazi alimfunga bandeji mgonjwa kwenye mguu usio na jeraha, na mgonjwa kwa adabu hakusema kitu. Nilishukuru, lakini haikunitoa pale nilipokuwa. Aliyenihusu alikuwa hayumo.

Siku ya tisa Fundi Saa akanipigia. Hatukuwahi kuongea kwa sauti. Nilimtarajia mzee wa sauti nzito, kumbe ana sauti nyembamba yenye haraka, na nyuma yake saa kama arobaini zinagongana, kila moja na saa yake.

"Mbuzi ni siku moja," akasema bila salamu. "Kanuni hizo niliziandika mimi."

"Kosa langu si la siku moja."

"Hilo ni lako na yule binti. Mimi naongelea kanuni. Mtoe mbuzi. Halafu, mwanangu, mimi nilitunga maneno ya kitabu nikakaa nayo kwa majivuno. Hata juu ya ukurasa sikuandika jina la mchezo. Nimeshaliandika sasa, kurasa zote mia moja na ishirini. Kwa mkono."

Nikamtoa mbuzi. Wiki moja na siku mbili baadaye, mchana, nikiwa nahesabu rimu, ujumbe ukaingia kutoka kwa Kidato. Hapakuwa na salamu. Ilikuwa picha ya jalada la kitabu cha historia cha kidato cha tatu pamoja na swali moja, na chini yake: "Dada, hili jibu liko ukurasa gani?"

Dada. Sikuwa Mwalimu tena, na nilistahili. Lakini alikuwa ameandika.

Nilikimbilia kwa mteja wangu mmoja anayesoma sekondari, nikaazima kitabu kile kile, nikatafuta. "Themanini na saba," nikajibu. "Aya ya pili."

"Aya ya tatu. Soma tena."

"Umeshanisamehe?"

"Bado nimekasirika. Kwenye mashindano wamekwenda wengine. Lakini nimeongea na Nesi, amesema unasoma kwenye takataka. Mtihani si mwezi wa kumi na moja?"

"Ndiyo."

"Basi kila siku saa tisa nikitoka shule nitakuuliza maswali matano. Jibu na ukurasa. Bila ukurasa sipokei."

Nimefundishwa na watu wengi maishani, sijapata kufundishwa na mtu mkali kama yule. Nikijibu kwa kuzunguka ananikatisha. Nikitia chumvi ananiuliza hiyo chumvi iko ukurasa gani. Siku moja nilimwambia nina wateja wanapanga mstari mpaka nje, akaniambia mtihani hautamwuliza mteja. Mama alimpenda bila kumwona. Ikifika saa tisa ananinyang'anya karatasi za watu, anasimama yeye kwenye mashine, na mimi nakaa kwenye kiti chake na springi zikinichoma. Lile boksi la chini ya meza Mama alilibeba mwenyewe akalipeleka sokoni, karatasi zikafungie vitu. Nilishinda siku nzima nimenuna. Lakini vile vita vyangu hatimaye nilijua nani alishinda. Walioshinda si wale niliokuwa nawashabikia miaka yote.

Hatukuongea habari za Lango la Tisa. Sikujua kama bado anausikiliza mchezo. Jina langu lilibaki Dada, wakati mwingine "wewe". Nilitaka kumuuliza kwa nini anajisumbua na mimi, nikaogopa ataacha.

Siku ya mtihani wa historia tuliingia saa mbili asubuhi, kwenye darasa lenye madawati yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto. Magoti yangu yaligusa kidevu. Waliobaki wote ni wa umri wa Kidato, na msimamizi aliniuliza kwa heshima kama nimekuja kumsindikiza mtu.

Nikafungua karatasi. Swali la nne: eleza sababu tano za kuanguka kwa dola za kale.

Nilicheka, msimamizi akanitazama. Nikaandika ya kwanza, vita vya kurithi kiti. Ya pili, ya tatu, ya nne, zote naziona mpaka kurasa zake. Nikafika ya tano, ikagoma. Nilijua iko ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, upande wa kulia, chini ya picha ya ngome. Picha ya ngome naiona. Maneno siyaoni. Na badala yake, wima kabisa, kwa namba za Kirumi, zikaja pishi mbili, kubwa ya kupokelea na ndogo ya kugawia. Zilikuja nzuri, zimekamilika, na mtahini asiye na muda angeweza hata kuzipa alama.

Dakika kumi na tano zilibaki. Niliandika "(v)", nikaweka kalamu chini, nikakaa nikiitazama mpaka kengele ikalia.

Nje nilikuta benchi karibu na bomba la maji, nikawasha simu. Kidato alikuwa ameshaandika, siku hiyo hakuwa na vipindi asubuhi.

"Vipi?"

"Swali la nne lilikuwa la dola."

"Acha utani."

"Kweli. Nimeandika nne. Ya tano nimeiacha wazi."

"Kwa nini? Si ungeandika chochote. Kuna watu hubahatisha wakapata."

"Iliyonijia ni ile ya pishi tu."

Niliona anaandika, anaacha, anaandika, anaacha.

"Ungeiandika," akasema hatimaye. "Nani angejua?"

"Sikuwa na chanzo," nikamjibu.

Nikasubiri. Nikanawa uso bombani, nikasubiri tena, nikaona hapa nimemkumbusha machungu yake, basi. Nikatia simu mfukoni nikaanza kutembea kwenda dukani, kwa Mama, ambaye bila shaka alikuwa ameshakwamisha karatasi kwenye mashine zote mbili.

Nilipofika kwenye kona simu ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe wa kundi. Maandishi yale madogo ya kijivu yalisema: Fundi Saa amemwongeza Kidato. Na chini yake, kabla mtu yeyote hajamkaribisha, Kidato mwenyewe alikuwa ameandika, ujumbe wake wa kwanza kwenye kundi tangu siku ile.

"Hamjambo. Mwalimu ametoka kwenye mtihani sasa hivi. Mpokeeni."